Daktari wa Pili

Amekufa mara kumi na moja, Merfyn Prosser:
mbili kwa sumu, moja ndani ya pipa la bia,
na kila alipokufa alirudi nyumbani kwa basi
akiwa na damu ya sukari nyuma ya sikio.

Damu hiyo nampaka mimi.
Miaka kumi na tisa nimeushika uso wake, hapa Cardiff,
najua kunyanzi lipi la uwongo, lipi la usingizi.
Amekuwa hakimu, mchinja nyama, padri asiyeamini,
polisi anayesema, "Bosi, njoo uone hiki,"
kisha bosi anakuja, na kamera inamfuata bosi.

Jana, tukiwa foleni ya samaki na chipsi,
mama mmoja alimkazia macho.
"Wewe nakujua. Si wewe uliyenitengenezea boila?"
"Ndiyo," akasema. "Inaendeleaje?"
"Bado inavuja."
Akaomba radhi. Akaomba radhi
kama mtu aliyeiacha ikivuja kweli,
mabega yakamshuka,
hata mimi nikamkasirikia kidogo.

Wenye nyota zao nimewapaka pia.
Waling'aa, wakaondoka na harufu ya marashi,
siku hizi simu zao kimya.
Ya Merfyn hulia:
Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri,
daktari wa pili, mistari minne.

Anaisoma kitini, midomo tu ikicheza.
Neno "pole" amelijaribu kwa njia sita.
Nasubiri, brashi mkononi,
poda inakauka.
Ya saba.