Mandhari ya Ziwa

Tangazo lilisema: vyumba vitatu, maji tele,
dakika tano kutoka barabarani, mandhari ya ziwa.
Nikawa nalifungua zamu za usiku, wodi ikitulia,
kama mpishi anayeonja mboga haijaiva.

Picha kumi na moja. Sebule pana
ungedhani ya kufungia harusi,
dirisha, na ndani ya dirisha, buluu.

Kerubo, wenzangu walisema, kizuri chajiuza.
Sikuuliza: basi mbona hiki kinatembezwa
mwezi wa saba huu, bei ikishuka ngazi
elfu hamsini, elfu hamsini?

Jumamosi nikashukia Mwariki.
Dakika tano, labda kwa mwewe.
Mimi na viatu vyangu vya kazi tulikwenda arobaini,
tukapita vigingi vya ua vilivyosimama majini,
lango lisilo na nyumba,
choo cha mtu kikichungulia juu ya maji
kama kiboko.

Mwenye nyumba alinifungulia kwa mkono wenye unga.
Tabitha Jerono, karani wa kiwanda cha pareto
hadi kiwanda kilipofunga mdomo
na mishahara yake ikiwa tumboni.
"Umeletwa na simu?
Wewe ni wa sita. Wa tano hakushuka kwenye pikipiki."

Hakuwa amewahi kuliona tangazo lake.
Dalali, kijana Kimemia, alikuja mara moja,
akajibana pembeni, mgongo ukutani, akapiga picha,
akasema ataongeza bei "kidogo, ya kupumulia".
Nikampa simu. Akavaa miwani.

"Nne na nusu? Mimi nilisema milioni tatu.
Chumba cha tatu kilikuwa cha kuku;
ukilala humo, miguu italala nje.
Maji ya mfereji ni Jumanne na Ijumaa.
Na hayo mengine," akaonyesha dirishani,
"hayo hayakualikwa."

Ziwa lilikuwa hatua sitini kutoka jikoni,
rangi ya chai iliyopoa.
"Nilipojenga, ilikuwa safari kwenda kuliona.
Sasa linakuja lenyewe kunijulia hali.
Kijana anatia chumvi kwenye maneno,
ziwa linatia chumvi kwenye sukuma zangu."

Neno moja basi, kati ya yote yale,
lilikuwa kweli tupu,
na ndilo lililoniuma.

Akanipeleka nyuma, kwenye nguzo ya mwerezi.
Mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine,
kila mmoja na tarehe yake, mwandiko wa ofisini:
maji yalipofika Mei, yalipofika Agosti,
Desemba ile aliyolala juu ya meza.
Kisha mistari miwili ikishuka, kwa kusitasita.
"Hili ndilo tangazo langu," akasema.
"Kimemia alilipiga picha, halafu akalifuta."

Nilitaka kumwita mkweli, neno likanikwama,
kwa sababu aligeuka akaniuliza:
"Na wewe, pesa zipo?"

Kwa Kimemia nilikuwa nimeandika:
fedha taslimu, niko tayari hata kesho.
Zilikuwepo milioni mbili kasoro,
na fomu ya mkopo inayosubiri sahihi ya mdhamini
ambaye siku hizi hashiki simu yangu.
Nikamwambia. Yote, hadi la mdhamini.
Alicheka mpaka akashika nguzo,
palepale penye mstari wa Agosti.

Hatukupatana bei. Hatukukataana pia.
Alinifungia mapera kwenye gazeti,
akaandika namba yake pembeni, kwa penseli.

Usiku, zamuni, nikalifungua tena.
Dirisha lile. Buluu ile ile.
Limetazamwa na watu mia nne na kumi na wawili,
na mapera yananukia ndani ya droo ya dawa,
na bado sijajua
nimpigie au nisubiri mstari wa mwezi ujao.