Maganda

Chupa ya Kifaransa iliisha Jumanne,
ile nene ya kahawia, yenye utepe shingoni.
Meneja akasema, subiri mzigo wa Nairobi.
Mimi si mtu wa kusubiri mzigo.

Nikashuka Kibuye na ndoo.
Min Apondi humenya machungwa tangu alfajiri,
kisu chake kimeliwa na jiwe la kunolea,
ganda linashuka bila kukatika
mpaka miguuni pake.
"Unanunua takataka?" akacheka. "Chukua bure.
Mbuzi wa Nyalenda watakulaumu."

Nikakwangua weupe, ule uchungu usio na adabu,
nikaacha ngozi tu. Spiriti kali, siku kumi na mbili
kabatini, nyuma ya glasi za harusi.
Kisha sukari ya Muhoroni, iyeyuke yenyewe.

Sasa naipima: kifuniko kimoja,
ndimu kimoja, tekila viwili, barafu,
chumvi ukingoni.
Bila yake kinywaji ni ugomvi mtupu,
ndimu inafoka, tekila inajibu.
Yeye huketi katikati kama shangazi kwenye kikao cha mahari:
hasemi sana, lakini watu hukubaliana.

Wageni huuliza ni ya wapi.
Nasema, ya hapo chini.
Hucheka.

Jana nilimpelekea Min Apondi kidogo, kwenye chupa ya dawa.
Yeye Msabato, hanywi.
Akafungua, akanusa,
akanusa na kiganja chake.
"Hii," akasema, "ni mikono yangu
usiku, nikishanawa mara tatu."
Akaificha chini ya meza,
akamwita mteja.