Kiatu cha Kushoto

Mara ya kwanza dada yangu Ermelinda alikwenda na maneno.
Alikuwa nayo mengi, ameyapiga pasi kama sketi yake.
Kiwanda cha Sobreda kina madirisha mia mbili na kumi;
niliyahesabu nikimsubiri garini,
mvua ya Felgueiras ikigonga bati la gari.
Alirudi na kalenda yao na kalamu mbili.

Mara ya pili alikwenda na asilimia.
Tulikesha, mimi na kikokotoo,
tukigawa faida ya makopo ambayo hayajauzwa,
ya dawa ya viatu ambayo hajaisikia mtu
nje ya mitaa yetu mitatu.
Meneja alipiga miayo kwenye asilimia ya kumi na mbili.
"Sisi tunauza jozi laki nne kwa mwaka," alisema.
"Nyinyi mnauza nini?"
Swali la haki. Liliuma vivyo hivyo.

Nikamwambia dada: mwenye nguvu mpishe,
turudi kuuza gulioni Jumatatu kama mama.
Hakunijibu. Alikuwa anakoroga nta,
na mtu anayekoroga nta ya moto hajibu upuuzi.

Wiki nzima akapotelea kwa Adelino,
fundi wa karibu na stesheni, mshona soli.
Alikaa kwenye stuli akisikiliza wateja:
kiatu cha Sobreda, baridi ya pili,
ngozi imepasuka penye mkunjo wa vidole.
Mwenye kiatu analaani kiwanda.
Hakuna anayejilaani mwenyewe
kwa kutokipaka chochote tangu siku ya harusi.

Akanunua jozi iliyotelekezwa, buti za kahawia.
Cha kushoto alikishughulikia siku tatu:
nta, kitambaa, pumzi, nta.
Cha kulia hakukigusa.

Mara ya tatu hakubeba hata karatasi.
Aliviweka juu ya meza ya kioo ya Dona Graziela,
aliyerithi kiwanda pamoja na malalamiko yake,
akanyamaza.
Nilikuwepo. Asilimia zilikuwa mfukoni mwangu,
nikazibana zisitoke.
Dona Graziela alikitia mkono cha kushoto, akakikunja.
Akakinusa. Akakitazama cha kulia
kama mtu anayetazama picha yake ya kitambulisho.
"Vinarudi vingapi kwa mwaka?" dada akauliza.
Hatukutajiwa idadi, ila mlango ulifungwa kwa ndani.

"Sitaki mninunue," alisema Ermelinda.
"Nataka nafasi ya kopo moja ndani ya boksi,
pale mnapojaza karatasi za kukunjakunja.
Mteja akirudi kwa kopo la pili, tunagawana.
Na kiatu kisiporudi, faida hiyo ni yenu peke yenu."

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.
Hawakusema kidole gumba hushawishiwa vipi.
Sasa najua: si kwa kumwonyesha udogo wangu.
Ni kwa kumwonyesha chawa.

Mkataba ulikuja kurasa sita.
Boksi elfu tatu, za majaribio, Novemba, ghala la Porto.
Jina lao juu ya kifuniko, letu ubavuni
kwa herufi zinazodai miwani.
Dada alizisoma zote, akakata neno moja, *daima*,
akatia sahihi.

Elfu tatu kwa gramu thelathini: kilo tisini.
Nta tuliyokuwa nayo: arobaini.
Jumapili tukapanda kwa Belmiro Quintão, mfuga nyuki,
mizinga sitini na mbwa mmoja kiziwi.
Tukamweleza bei. Tukamweleza tarehe.
Mimi ndiye niliyeeleza zaidi.
Alifuta mikono kwenye suruali, polepole, akauliza:
"Na jina langu litakaa wapi kwenye kopo?"

Nikafungua mdomo kumwambia kopo ni dogo.
Nikajisikia ninavyofanana na yule meneja.
Nikaomba maji.