Nafasi ya Arobaini

Duluth, Februari. Theluji imefika kwenye kitasa.
Orville ana majina thelathini na tisa
na nafasi moja.

Timu za ligi hii hazivunjwi msimu ukiisha; hurithiwa.
Hii ilikuwa ya kaka yake, Lenny,
hadi Novemba, wodi ya nne.

Kuna Haskell, mrushaji, kiwiko kimeshonwa mara mbili,
mpira wake siku hizi hufika kama barua ya posta.
Pembeni mwa daftari, wino wa kijani: Usimwache.
Sababu haikuandikwa.

Na kuna Yeferson, miaka kumi na saba,
asiyeijua barafu ila ya kwenye glasi.
Wanasema mkono wake una radi.
Akiiva, Orville atakuwa na themanini na mmoja,
akijaliwa.

Saa sita kasoro dakika tano usiku
anamfuta Haskell.
Kahawa imepoa; anainywa hivyo hivyo.
"Utanisamehe, mkubwa," anakiambia kiti.

Kisha anapekua droo nzima: betri, risiti,
ufunguo usio na mlango.
Kalamu ya kijani haipo.
Anaandika kwa bluu, kando ya jina la mtoto,
neno lile lile,
bila kujua atakayelisoma.