Koti Juu ya Kiti

Ukurasa wa kwanza nilioambiwa nisome
ulikuwa na sentensi moja, ndefu kama tramu ya saa moja asubuhi.
Nilipandia mbele, nikashukia nyuma,
sikumbuki nilipita wapi.
Nikapiga mstari chini ya kila neno nisilolijua
hata ukurasa ukafanana na karatasi ya muziki,
nami sijui kuimba.

Kisha Daktari Kalinowska akatutoa nje.
"Tafuteni mahali. Kaeni. Andikeni."
Hakusema tuandike nini.

Nikachagua mkahawa wa bei ya chini nyuma ya stesheni ya Kraków,
meza tisa, dirisha linalotoka jasho,
na mzee mmoja anayevua koti lake
na kuliketisha kwenye kiti cha mbele yake, kama mgeni.
Anakula kimya, analitazama.

Niliandika: *Wateja ni wazee wapweke.*
Niliandika: *Koti limekaa mahali pa marehemu mkewe.*
Sentensi ile ikanipendeza mno,
nikaisoma kwa sauti bafuni.

Kazi ikarudi na wino wa kijani:
"Upweke umeuona? Ulikuwa na rangi gani?"
Na chini yake, kwa mwandiko mdogo:
"Huyo mke, nani kamuua?"

Usiku ule usingizi haukuja.
Kweli, nilikuwa nimemuua mwanamke nisiyemjua hata jina
ili aya yangu ipate kulia vizuri.

Nikarudi Jumanne. Nikarudi Alhamisi.
Nikajifunza kuandika bila vivumishi,
kama mtu aliyevaa viatu kushoto kulia, kulia kushoto:
Saa sita na dakika kumi. Sinia. Kijiko, si uma.
Anakata mkate vipande vinne. Anakula vitatu.
Cha nne anakifunga kwenye karatasi, anakitia mfukoni.

Kuuliza si ujinga, wanasema;
hawasemi lolote kuhusu magoti.
Wiki ya tatu nikauliza.

Bwana Wincenty alinitazama
kana kwamba nimeuliza maji yamelowa kwa nini.
"Nyuma ya kiti hicho kuna bomba la joto, binti.
Koti likipata moto, nafika nyumbani nami nina moto.
Mkate? Wa njiwa wa mke wangu.
Anawalisha dirishani. Miaka thelathini namkataza."
Akafuta kijiko.
"Andika kwamba supu imepungua chumvi tangu Machi."

Nikaandika.
Sentensi yangu ya kwanza ya kweli,
na wala si yangu.

Usiku nikaurudia ule ukurasa wenye mistari.
Bado mgumu. Kuna maneno sitayapenda kamwe.
Lakini katikati, baada ya nukta mkato ya pili,
palikuwa na mtu: ameketi kwenye nyumba ya wengine,
soksi zimelowa, kalamu inavuja,
anaogopa kuuliza.
Sikumwona mara ya kwanza. Nilikuwa natafuta maana.

Jana Bi Genowefa wa dirisha la sahani chafu
alipokea sinia langu, hakuliachia.
"Wewe si yule anayeandika kwa mkono wa kushoto,
anayebakiza bitiruti,
aliyelia ile Alhamisi?"

Sikumbuki kulia.
Nikafungua daftari, nikasita, nikalifunga.
Nikamuuliza ilikuwa Alhamisi gani.