Chupa ya Nikodemu

Tulifika Kidabaga ukungu haujaamua
kama unaondoka au unalala tena.
Chiku, mtoto wa Tanga, amevaa kila alichobeba,
na bado meno yanagongana kama vikombe kwenye beseni.
"Kamwene," tukasema, wote wanne, vibaya,
na muuza mafyulisi akatuitikia vizuri
ili tusione haya.
Kisha akatutoza bei ya wageni.

Gulio limetandikwa juu ya nyasi zenye umande:
njegere kwa sado, viazi na udongo wake,
sweta za watu wa nchi tusizozijua.
Zabroni akanunua yenye tundu kiwikoni
kwa sababu, alisema, hiyo imeshazoea kazi.
Tumpe akashika kikapu cha milulu, akakinusa,
akakirudisha, akaenda hatua kumi, akarudi.
Mwenye kikapu alikuwa ameshakifunga kwenye gazeti.

Tumekuja kuonja, si kulewa.
Hilo tulilirudia njia nzima
kama watu wanaojifahamu.

Mtogwa kwanza, wa alfajiri ile,
mweupe, kama maziwa yaliyosikia habari za sukari.
Halafu wa jana, ambao umeanza kuwa na maoni.
Halafu mkangafu.
Mkangafu haubishi hodi.
Unaingia, unavuta kiti,
unakuuliza unadaiwa na nani.

(Tumpe, mwenye funguo za gari, alilowesha ulimi tu,
akatutazama kama mwalimu wa zamu.)

Zabroni akazungusha kopo la plastiki, akafumba macho:
"Naisikia mvua humu. Na kwa mbali, mbao."
Kihwele, mgema, kijana wa buti za mpira
na kisu kiunoni, akafikiri kidogo.
"Mvua sijui," akasema. "Hiyo nyingine ni sabuni ya ndoo."

Nikataka kuusifu. Tumpe akanifinya:
unajua mgema akisifiwa hufanya nini.
Basi tukanyamaza, tukanywa, tukasogeza makopo tena,
na hiyo ndiyo sifa isiyotiwa maji.

Akatupeleka nyuma ya nyumba, kwenye mianzi.
Ncha imekatwa mshazari, mbeta imening'inia chini yake.
Tone.
Kimya cha kutosha mtu kupiga mwayo.
Tone.
Asubuhi na jioni anaparua kidogo, unene wa ukucha.
"Nikisafiri siku mbili," akasema, "kidonda kinapona,
mwanzi unanisahau."
Hakuna aliyejibu. Kila mmoja wetu, nadhani,
alihesabu tumeonana mara ngapi tangu chuo.

Nikodemu alinyimwa likizo. Alituma neno moja: *Niwekeeni.*
Tukamjazia chupa ya lita moja na nusu,
tukakaza kifuniko kwa meno na kwa mapenzi.
"Legezeni," Kihwele akasema. "Huu bado uko safarini."
Tukamwitikia kwa heshima, na gari lilipoondoka
tukakaza tena. Wasomi.

Kitonga, kona ya tatu, malori yakipumua kwa shida,
chupa ikasema ilichokuwa imekalia tangu mchana.
Dari. Kioo. Nywele za Chiku.
Kikapu cha milulu kilichokwisha kubembelezwa bei.
Sweta ya Zabroni ikanywa kuliko sisi wote.
Tumpe akasimamisha gari penye upana
akaegemea usukani, mabega yanatikisika,
na tukachelewa kujua kwamba anacheka.

Nikodemu tulimkuta Jumatatu, kazini, tai shingoni.
Chupa ilibaki na vidole viwili.
Akanywa, uso ukajikunja kama risiti.
"Ndio huu mliokuwa mkiusifia kwenye simu?"

Ndio huu. Sio huu.
Asubuhi ulikuwa maziwa, tungesema,
na ungesimama pale usingehitaji sweta mbili,
ungehitaji tatu.
Tukatazamana. Maneno yote yalikuwa yameshachacha.

Zabroni akavua sweta yake ya tundu, haijafuliwa,
akamrushia juu ya mafaili.
"Nusa hapo," akasema. "Hapana, sio hapo. Kiwikoni."