Radio ya Kifua

Kwetu Katuba picha ya kifua huitwa radio,
na mimi, mtoto wa miaka saba, niliibandika sikioni
nikingoja iimbe.
Haikuimba. Ilinuka dawa na kabati la ofisi,
pembeni jina la baba kwa wino mweupe:
Mwewa Kishimba, tanuru la pili.

Zamani kampuni ilimvua shati kila mwaka.
Vuta pumzi. Shikilia.
Hakumbuki kama kuna aliyemwambia achia.
Mshahara ulikoma, tanuru likapoa, picha zikabaki,
na mama akaziba nazo kioo kilichopasuka jikoni,
hata asubuhi jua likawa linapita katikati ya mbavu
ndipo litue kwenye sufuria ya bukari.

Siku jua lilipopatwa, mwezi wa sita,
mwalimu alituonya: atakayelitazama atapofuka.
Baba akabandua picha moja dirishani,
akanishikia mbele ya uso.
«Tazama kupitia mimi.»
Jua lilikuwa ukucha tu,
limening'inia pale moyo wake ulipoacha weupe.

Mengine yamo kwenye wasifu wangu, kurasa kumi na moja:
Trieste, ambako nililia kwa sababu ya hesabu,
Leuven, ambako nililia kwa sababu ya mvua,
na Uppsala, ambako nimeacha kulia, nina ofisi.
Visa tisa. Jina limekosewa kwenye beji kila mkutano.
Aliyeniuliza ninatoka wapi hasa
nilimwonyesha koili za mashine yake:
huenda ni pale, nilisema, ilipotoka shaba hii.
Sina ushahidi. Shaba haigongwi muhuri mpakani.

Kazi yangu nitakuelezea hivi:
mwili ni maji, na maji yana hidrojeni;
sumaku inaipanga kama wanafunzi mbele ya bendera,
tunaisukuma kidogo, tunanyamaza,
nayo ikirudi mahali pake inatoa sauti,
mawimbi ya radio, hafifu kuliko pumzi ya panya.
Basi sikukosea pale jikoni. Nilikosa antena.
Miaka kumi na miwili nimefundisha jambo moja:
namna ya kutenga sauti hiyo na kelele.

Jumanne, theluji dirishani, simu ikalia.
Mdogo wangu Numbi ametuma picha ya picha,
filamu imeegemezwa kwenye mwanga wa mlango, imepinda:
«Yaya, utusomee. Munganga atakuya siku ya ine.»
Chini yangu, ghorofa mbili, sumaku ya tani saba
inalala ndani ya heliamu, baridi kuliko anga,
nami nageuza simu upande huu na ule
kama mtu anayesoma gazeti lililofungiwa samaki.

Juu ya pafu la kulia, doa. Ukubwa wa kunde.
Au ni uchafu. Au ni mwembe wa jirani
umejiakisi kwenye plastiki.
Nikaandika: pangusa, piga tena.
Akapangusa. Akapiga.
Mwembe ukahama. Doa halikuhama.

Niliwahi kuchapisha makala, ina jedwali,
juu ya vitu visivyo vya mgonjwa vinavyoingia kwenye picha:
vifungo, mkufu, mtikisiko wa kitanda.
Sikuandika kidole gumba cha mama,
kimekunjamana kwa sabuni, kwenye kona ya chini,
kimeshikilia filamu isianguke.
Nilikikuza mpaka kikawa miraba ya kijivu
na bado nilikijua.

Saa saba usiku sikuwa nimejibu.
Numbi akauliza kama mtandao umekatika.
Nilikuwa nimevuta pumzi, sijui tangu saa ngapi.
Nikaandika: mwambie baba nimeiona.
Nikafuta.
Nikaandika: mama aweke picha chini, mkono utamuuma.